Mtikiso wa Ubongo: Somo kutoka Mpambano wa Queensland na New South Wales

Tarehe 13 Julai 2022, mjini Brisbane, timu ya jimbo la Queensland na ile ya New South Wales zilikutana kuamua bingwa wa mwaka wa raga ya ligi nchini Australia. Kila upande ulikuwa umeshinda mchezo mmoja: Queensland 16–10 mjini Sydney, New South Wales 44–12 mjini Perth. Katika dakika chache za mwanzo wachezaji watatu walipata mtikiso wa ubongo: Cameron Murray wa New South Wales, pamoja na Selwyn Cobbo na Lindsay Collins wa Queensland. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kurudi. Mchezo uliendelea kwa ukali uleule, wachezaji wawili wakaadhibiwa kwa kupigana ngumi, na Queensland wakashinda 22–12. Wapenzi wa mchezo huo wanauhesabu miongoni mwa michezo mikubwa kabisa ya mpambano huu. Daktari anayeutazama huona pia jambo jingine.

Ili kulielewa jambo hilo, yafaa kujua kwanza uzito wa mpambano wenyewe. Zamani mchezaji aliliwakilisha jimbo ambalo klabu yake ilikuwamo. Kwa kuwa klabu za Sydney zilikuwa na fedha nyingi, vijana hodari wa Queensland walihamia huko, kisha wakajikuta wakiichezea New South Wales dhidi ya kwao. Tarehe 8 Julai 1980 utaratibu ulibadilishwa: kila mchezaji arudi kulitetea jimbo alikoanzia mchezo. Arthur Beetson, mzaliwa wa Queensland aliyekuwa amewahi kuvaa jezi ya New South Wales, aliliongoza jimbo lake akiwa na umri wa miaka 35, nao wakashinda 20–10. Tangu 1982 huchezwa michezo mitatu kila mwaka. Wachezaji wa klabu moja, wanaokula na kufanya mazoezi pamoja, hugeuka mahasimu kwa dakika 80. Anayejua Simba na Yanga huwafanya nini watu wazima wenye akili zao hahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba hapa watani wa jadi hugongana kwa vifua na mabega, bila kofia ngumu.

Sasa tuingie ndani ya fuvu. Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika ugiligili. Kichwa kinaposimamishwa ghafla au kuzungushwa kwa nguvu, fuvu husimama, lakini ubongo huendelea na mwendo wake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mzunguko huo ndio wenye madhara zaidi, kwani huzivuta na kuzipinda nyuzi ndefu za seli za neva. Si lazima kichwa chenyewe kipigwe. Bega likigonga kifua kwa kishindo, shingo ikacheza kama mjeledi, yatosha. Ndiyo maana kofia laini wanazovaa baadhi ya wachezaji wa raga huzuia michubuko ya ngozi na masikio, wala hazizuii mtikiso.

Nyuzi zikivutwa, utando wa seli hupoteza udhibiti. Potasiamu hutoka, kalsiamu huingia, na seli hulazimika kutumia nishati nyingi kurudisha mizani, wakati uleule ambapo damu inayoufikia ubongo inaweza kupungua. Mahitaji hupanda, ugavi hushuka. Hali hii hudumu kwa siku kadhaa, wakati mwingine majuma. Picha ya CT skani haiioni. Jamaa wa mgonjwa wanapoambiwa kwamba picha ni safi huondoka wamefarijika, na ni haki yao, kwa maana hakuna damu iliyovuja. Lakini picha safi haimaanishi kwamba ubongo haujaumia, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji wa seli, si umbo la kiungo.

Wengi hudhani pia kwamba asiyezimia hakuumia. Kwa kweli walio wengi kati ya wanaopata mtikiso hawapotezi fahamu. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hujibu polepole, hurudia swali lilelile, huchukizwa na mwanga, au huwa wakali bila sababu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kiungo kilichoumia ndicho hicho hicho tunachokitegemea kitupe taarifa ya maumivu yake. Mchezaji aliyetikiswa akisema yu mzima, huenda hasemi uongo. Chombo cha kupimia ndicho kilichoharibika. Tena tumwongezee jimbo zima linalomtazama, wenzake waliobaki pungufu, na nafasi ambayo pengine hataipata tena maishani.

Kwa sababu hiyo waendeshaji wa mchezo huo walimwondolea mchezaji uamuzi. Daktari wa kujitegemea hutazama picha za marudio na anaweza kuagiza mtu atolewe. Zikionekana dalili zilizo wazi, kama vile kuzimia, kukakamaa viungo au kuyumba wakati wa kuinuka, mchezaji hatoki kwa uchunguzi tu, bali amemaliza mchezo. Dalili zikiwa za shaka, hupelekwa pembeni kwa dakika 15, akaulizwa maswali ya kumbukumbu, akapimwa uwezo wa kusimama bila kuyumba, na majibu yakalinganishwa na yale aliyoyatoa akiwa mzima mwanzoni mwa msimu. Utaratibu huu una tundu lake. Madaktari wa michezo wanafahamu kwamba wapo wachezaji wanaojibu vibaya kwa makusudi mwanzoni mwa msimu, ili siku wakipigwa tofauti isionekane. Naona mbinu hiyo inatueleza mengi kuhusu nguvu ya mchezo kuliko hotuba yoyote.

Hofu kubwa zaidi ni ya miaka ijayo. Mwaka 2019 mtaalamu wa magonjwa ya ubongo Michael Buckland na wenzake mjini Sydney walitoa taarifa ya kwanza ya ugonjwa unaofahamika kwa kifupisho cha CTE katika ubongo wa wachezaji wa zamani wa raga ya ligi wa Australia. Mmoja wao alikuwa Steve Folkes, aliyewahi kuichezea New South Wales katika mpambano huu, na aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 59. Katika ugonjwa huo protini iitwayo tau hujikusanya kandokando ya mishipa midogo ya damu, chini kabisa ya mikunjo ya ubongo. Unahusishwa na vipigo vinavyojirudia kwa miaka mingi, hata vile vidogo visivyoleta dalili, na kwa sasa huthibitishwa baada ya kifo tu. Paul Green, aliyekuwa kocha wa Queensland mwaka 2021, alifariki Agosti 2022, chini ya mwezi mmoja baada ya mchezo ule wa Brisbane, akiwa na miaka 49. Familia yake iliutoa ubongo wake kwa uchunguzi, nao ukakutwa na ugonjwa huo. Tahadhari inahitajika hapa: ugonjwa kuonekana kwenye hadubini hautuelezi peke yake kila kilichotokea katika maisha ya mtu, wala si kila aliyecheza raga ataupata.

Tangu 2023 mchezaji wa ligi kuu aliyethibitika kupata mtikiso hukaa nje siku zisizopungua 11, isipokuwa kwa masharti maalumu. Mwongozo wa Australia wa 2024 kwa vijana na michezo ya mitaani ni mkali zaidi: siku 14 bila dalili kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kugongana, na siku zisizopungua 21 tangu kuumia kabla ya kushindana. Mlipwaji mwenye daktari wake anapewa siku chache kuliko mwanafunzi. Naona mwanafunzi ndiye aliyehukumiwa kwa haki. Mwaka huohuo, katika mchezo wa kwanza, Joseph Suaalii wa New South Wales alitolewa nje ya mchezo kabla dakika kumi hazijatimia, kwa kumgonga Reece Walsh kichwani. Walsh hakurudi usiku ule. Aliichezea tena Queensland katika mchezo wa pili, siku 21 baadaye.

Katika viwanja vya shule za Kenya na Uganda vinakochezwa raga, na katika kandanda letu la kugombea mpira kwa vichwa, hakuna daktari wa kujitegemea wala picha za marudio. Kuna mwalimu wa michezo na filimbi yake. Anachohitaji ni kanuni moja: mwenye dalili yoyote baada ya kugongwa hatoki na kurudi siku hiyo, hata akiapa. Asiachwe peke yake kwa saa chache za mwanzo. Siku mbili za awali apumzike, ingawa kutembea kidogo hakumdhuru, na masomo yarejee taratibu kabla ya michezo. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipatwa na degedege, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, shingo ikiuma, au akisinzia hata kuamka kukawa kwa shida, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri mchezo uishe.