Mtafiti “amenukuliwa sana”: ina maana gani kwa anayechota maji Tarime?

Mtaalamu anapotambulishwa redioni au kwenye mkutano wa kijiji, mara nyingi husemwa hivi: ana machapisho mengi kwenye majarida ya kimataifa na kazi zake zimenukuliwa mara mamia. Watu hupiga makofi. Lakini mkazi wa Nyamwaga, anayeishi jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara na anataka kujua kama maji yake ni salama, azipokeeje sifa hizo?

Chapisho na kunukuliwa

Mtafiti akimaliza kazi, huandika makala na kuyatuma kwenye jarida la kisayansi. Wataalamu wenzake huyakagua kabla hayajachapishwa. Mtafiti mwingine akiyatumia baadaye katika kazi yake, lazima ayataje. Huko ndiko kunukuliwa.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani alipendekeza kipimo kinachoitwa fahirisi ya h. Tuseme mtafiti ana makala matano, yaliyonukuliwa mara 40, 12, 6, 3 na 1. Fahirisi yake ni 3, kwa sababu makala matatu yamefikisha angalau mara 3 kila moja, lakini hana manne yaliyofikisha mara 4. Hata lile la kwanza likinukuliwa mara 400, fahirisi itabaki 3. Kipimo hiki hakimpi sifa mtu aliyevuma kwa kazi moja tu.

Mfano wa Dkt. Askwar Hilonga

Dkt. Hilonga alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu. Alisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, na huko alichapisha makala kuhusu silika yenye matundu madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Aliyaandika pamoja na wenzake, akiwemo Profesa Hee Taik Kim na Pradip Sarawade. Hivyo ndivyo kemia ya vifaa inavyofanyika: huyu anatengeneza, yule anapima, mwingine ana mashine. Wanaoyanukuu makala hayo ni hasa watafiti wengine wa silika.

Baada ya kurudi nchini alifundisha Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, na akabuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo za nano. Mchanga huzuia uchafu, na chembe hizo huchaguliwa kulingana na tatizo la maji ya eneo husika, kwa mfano floraidi inayobadilisha rangi ya meno. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya kwanza ya uhandisi kwa Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000.

Mama anayechota maji kwenye chujio hilo haandiki makala, kwa hiyo hamnukuu mtu. Faida anayoipata haionekani kwenye fahirisi yoyote.

Utafiti uliofanyika kwetu

Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodini yaliingia mto Tigithe, ambao hutiririka kuelekea mto Mara. Mwaka 2012 Åsgeir Almås wa Norway na Mkabwa Manoko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha, katika jarida la kimataifa la uchafuzi wa udongo na tope, vipimo vya udongo, tope na maji kutoka maeneo ya migodi ya Geita na North Mara. Miongoni mwa walivyopima ni aseniki na madini mazito.

Makala hayo yako kwa Kiingereza, na yameandikwa kwa ajili ya wataalamu. Mtafiti wa nchi ya mbali anaweza kuyanukuu kesho, huku mkulima ambaye shamba lake liko karibu na palipochukuliwa sampuli hajasikia majibu yake. Hilo si lazima liwe kosa la watafiti, kwani hesabu ya kunukuliwa haiwadai warudishe majibu kijijini. Anayeweza kudai ni mwananchi na kiongozi wake.

Maswali ya kuuliza

Mtafiti akija na chupa za kuchukulia maji, muulize:

• Unapima nini hasa, na umechagua sehemu zipi?

• Unashirikiana na nani, na nani anagharamia kazi hii?

• Majibu yatarudi lini, kwa Kiswahili, na yatasomwa wapi?

• Kipimo kikizidi kiwango salama, nani ataarifiwa kwanza?

Mtafiti aliyenukuliwa sana amekubalika kwa wenzake, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini usalama wa maji ya kisima chako utaujua kwa kupima maji ya kisima hicho, kisha wewe mwenyewe upewe majibu.