Dawa Nyingi katika Mwili wa Mzee Mmoja

Matumizi ya dawa nyingi kwa wakati mmoja, ambayo wataalamu huyaita polifamasi na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia dawa tano, si kosa kwa yenyewe, kwa kuwa mzee mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo huenda akazihitaji zote. Hatari huanza pale ambapo hakuna mtu hata mmoja anayeziona dawa hizo zote kwa pamoja, na katika maeneo kama Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru, hali hiyo hutokea kwa urahisi. Mzee huandikiwa dawa za presha na sukari katika kituo cha afya, huongezewa nyingine anapopewa rufaa kwenda mjini Morogoro, hununua za maumivu katika duka la dawa muhimu, hupokea vidonge vilivyobaki kwa mtoto wake anayeishi Dar es Salaam, na nyumbani hunywa unga wa majani ya mlonge, ambao nao unaweza kushusha sukari na presha.

Mwili uliozeeka hauipokei dawa kama ulivyoipokea ujanani. Figo, ambazo hutoa mabaki ya dawa kupitia mkojo, hupungua nguvu mwaka hadi mwaka hata kwa mtu asiye na ugonjwa wa figo. Damu inayopita katika ini hupungua. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka, kiasi kwamba dawa ya usingizi kama diazepamu, ambayo hujihifadhi katika mafuta, huweza kukaa mwilini siku nyingi na kumwacha mzee akiyumba asubuhi anapokwenda msalani.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni wa magoti, kwa sababu watu waliolima na kubeba mizigo katika miteremko maisha yao yote hufika uzeeni wakiwa na maumivu yasiyokwisha. Mzee anayetumia kaptoprili kwa ajili ya presha, pamoja na dawa inayoongeza mkojo, hununua diklofenaki ili aweze kutembea. Figo huchuja damu kwa msukumo maalumu: dawa ya mkojo hupunguza maji katika mishipa, diklofenaki huzuia kutanuka kwa mishipa inayoingiza damu katika vichujio vya figo, na kaptoprili hulegeza mishipa inayoitoa, hivyo msukumo huanguka na figo zinaweza kushindwa kazi katika muda wa siku chache, hasa ikiwa mzee anaharisha au hanywi maji ya kutosha. Kila dawa kati ya hizo tatu, ikitazamwa peke yake, ilikuwa na sababu ya kutolewa. Kwa maumivu ya namna hiyo, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kujaribiwa kwanza, ingawa wengi huidharau.

Jambo la pili, ambalo pengine ndilo linalopotosha zaidi, ni madhara ya dawa kudhaniwa kuwa ugonjwa mpya. Mwaka 1997 watafiti Paula Rochon na Jerry Gurwitz walieleza mfululizo ambamo dawa moja huzaa dalili, na dalili hiyo huandikiwa dawa nyingine. Nifedipini huweza kuvimbisha miguu. Miguu iliyovimba huandikiwa furosemidi. Furosemidi hupunguza madini ya potasiamu na kuleta kizunguzungu. Mzee huanguka, huvunjika nyonga, na huanzishiwa dawa za maumivu. Vivyo hivyo, kikohozi kikavu kinachotokana na kaptoprili hutibiwa mara kwa mara kwa viuavijasumu visivyo na kazi yoyote kwake.

Zipo pia dawa za siku chache ambazo huvuruga zile za kila siku. Kotrimoksazoli, inayojulikana zaidi kama Septrin, huongeza nguvu ya glibenklamidi, kidonge cha kisukari, na sukari ya damu huweza kushuka mno. Jasho na kuchanganyikiwa kunakofuata huhesabiwa kuwa malaria au uzee, wakati mgonjwa anahitaji sukari mara moja. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, hufanya kinyume: huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hata presha iliyokuwa imetulia ikapanda tena.

Kugundua haya yote ni vigumu pale vidonge vinapotolewa katika bahasha ndogo iliyoandikwa 1×3 bila jina la dawa. Kila mzee ana haki ya kuomba jina hilo liandikwe, na kila anapokwenda kliniki abebe katika mfuko mmoja dawa zote alizonazo, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ili mtabibu aulize si tu ni ipi ya kuongeza bali ni ipi imemaliza kazi yake. Kupunguza dawa ni kazi ya mtabibu, kwa kuwa kuacha ghafla atenololi huweza kuleta maumivu makali ya moyo, na prednisoloni iliyotumika kwa wiki nyingi hupunguzwa kidogo kidogo hadi mwili uanze tena kujitengenezea homoni yake.