Kagua Tairi Kabla ya Kupanda Boda Boda

Mvua inapoanza kunyesha hapa Likuyani, sisi madaktari huwa tunajua ni wagonjwa gani watakaofuata. Wapo watakaokuja na malaria na wapo watakaokuja na homa ya mapafu. Lakini wapo pia wanaoletwa wamebebwa mikononi, nguo zimeraruka, matope mekundu yamejaa kwenye jeraha, na mguu umepinda mahali pasipo na kiungo. Hao ni majeruhi wa boda boda.

Siku moja nilimtibu kijana mwendeshaji pamoja na abiria wake, mama aliyekuwa akienda sokoni Matunda. Hawakugongwa na gari, wala hawakuwa wakienda kasi. Ng'ombe alikatiza barabara, kijana akafunga breki, pikipiki ikateleza na kuwalalia. Kijana alichubuka tu. Mama alivunjika mifupa yote miwili chini ya goti. Nilipokuwa nikimsafisha kijana vidonda, nilimwuliza tairi lake la nyuma lilikuwa na hali gani. Akainamisha kichwa, akasema, "Daktari, lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nangoja nivune mahindi ndipo ninunue lingine."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Huenda ukajiuliza, daktari na tairi wapi na wapi? Ukweli ni kwamba majeraha mengi ninayoyashona huanzia pale mpira unapokutana na barabara.

Tairi hushikaje barabara?

Pikipiki nzima, pamoja na watu na mizigo iliyo juu yake, husimama juu ya vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikiwa hakizidi ukubwa wa kiganja chako. Mpira huo ni laini kidogo, kwa hiyo hujibana katika vijishimo vya lami na kuvishika. Maji yakiingia kati ya mpira na lami, mshiko hupungua. Ile mifereji unayoiona kwenye tairi si mapambo. Kazi yake ni kuyatoa maji ili mpira uifikie lami, na katika barabara za udongo, meno ya tairi huuma ardhi.

Tairi likiwa kipara, maji hayana pa kupitia. Ukienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 17. Kwenye lami kavu na tairi zuri, utahitaji kama mita 20 kusimama tangu breki zilipokamata. Lami ikiwa imelowa na tairi limekwisha, umbali huo waweza kuzidi mara mbili. Ng'ombe, mtoto au lori lililosimama halitakungoja.

Jihadhari hasa na dakika za kwanza za mvua. Vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani huchanganyika na maji na kuwa kama sabuni. Katika barabara kuu ya Eldoret kwenda Kitale kuna hatari nyingine. Pikipiki zinazotoka mashambani huingia kwenye lami zikiwa na matope yaliyojaa katika mifereji ya tairi, na kwa muda huo hata tairi jipya huwa kama kipara. Punguza mwendo mpaka matope yatoke.

Dalili za tairi lililochoka

Huhitaji kuwa fundi ili kulitambua tairi baya. Tazama mambo haya:

1. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa na mtengenezaji. Meno yakilika hadi yakawa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

2. Tazama ubavuni. Nyufa ndogo ndogo ni ishara kwamba mpira umezeeka na kukauka, hata kama meno bado yapo. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha umri wa tairi. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zitafute kabla hujalipia tairi kuukuu.

3. Uvimbe kama jipu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi kama hilo laweza kupasuka wakati wowote. Usilipande.

4. Likiwa limelika katikati pekee, huenda hujazwa upepo kupita kiasi. Likilika pande zote mbili na katikati kubaki, huenda upepo ni mdogo.

Upepo nao upimwe kwa kipimo, si kwa kupiga teke. Katika pikipiki nyingi za boda boda, tairi la mbele huhitaji karibu pauni 25, na la nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukibeba abiria. Fuata kijitabu cha pikipiki yako, na upime asubuhi kabla tairi halijapata joto. Upepo ukipungua, tairi hujikunja, hupata joto jingi na pikipiki huyumba. Ukizidi, kile kiganja cha mpira kinachoshika barabara huwa kidogo zaidi.

Kuna kosa moja ninalolisikia mara kwa mara. Tairi la nyuma huisha upesi, kwa hiyo hubadilishwa, huku la mbele likiachwa miaka na miaka. La nyuma likiteleza, mwendeshaji hodari huenda akaokoka. La mbele likiteleza, mara nyingi pikipiki huanguka kabla mtu hajatambua. Kagua yote mawili.

Wewe abiria nawe

Usidhani kwamba haya ni ya mwendeshaji pekee. Mguu uliovunjika katika kisa changu ulikuwa wa abiria. Unapofika steji, chukua nusu dakika utazame tairi. Ukiona kipara, sema kwa heshima, "Asante kijana wangu, leo nitapanda ile nyingine." Wateja wakikataa vipara, tairi zitabadilishwa.

Usikubali pia kubanwa na abiria wa pili au gunia la mahindi. Pikipiki yenye watu watatu ina mzigo wa kilo 200 hivi, nao huliumiza tairi la nyuma na kurefusha umbali wa kusimama. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na tangu marekebisho ya mwaka 2012 inawataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na koti linalong'aa. Uchunguzi wa Cochrane uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ajali ikitokea, kandamiza panapovuja damu kwa kitambaa safi. Usimpakie mtu aliyevunjika mguu kwenye pikipiki nyingine huku mguu ukining'inia. Ufunge kwanza kwenye ubao au kijiti kilichonyooka, kisha utafute gari. Jeraha lenye udongo lioshwe kwa maji safi mengi, na majeruhi apelekwe hospitali akadungwe sindano ya pepopunda.

Najua hali ya uchumi ni ngumu, na kwamba kijana yule hakuwa mkaidi, alikuwa hana pesa. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Mfupa wa muundi uliovunjika huchukua miezi mitatu, minne au zaidi kuunga, na muda huo wote mgonjwa hafanyi kazi. Bei ya tairi haifiki hata chembe ya hasara hiyo. Akiba ndogo ya kila siku katika chama cha steji yatosha kulinunua kabla la zamani halijawa kipara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla hujapanda, inama utazame tairi.