Uhifadhi wa baiskeli nje ya nyumba

Uhifadhi wa baiskeli nje ya nyumba ni kuiweka baiskeli uani, kibarazani au kando ya barabara, pale ambapo makazi hayana banda la gari wala nafasi ya kuiingiza ndani. Lengo lake ni kuikinga na mambo mawili: wizi na hali ya hewa. Kwa mtu anayebebea maziwa, maji, mkaa au abiria, baiskeli ni mtaji; ikiibiwa usiku, asubuhi hakuna kipato.

Mahali pa kufungia

Usalama hautegemei kufuli peke yake, bali pia kitu ambacho baiskeli imefungiwa. Baiskeli ambayo gurudumu lake limefungwa kwenye fremu yake yenyewe inaweza kubebwa, kisha kufuli likakatwa mahali pengine bila haraka.

Kifungio bora ni bomba nene la chuma lililokunjwa mfano wa herufi U iliyopinduliwa, miguu yake miwili ikiwa imezikwa katika zege. Vipande vya nondo vikichomelewa kwenye miguu hiyo, bomba haling'oki kwa urahisi. Nguzo fupi iliyo wazi juu haifai, kwa kuwa kufuli huweza kuinuliwa likapita juu yake. Miti myembamba na uzio wa mbao hukatwa upesi. Pete ya ukutani hufaa kwenye zege au tofali imara, lakini kwenye ukuta wa udongo hung'oka.

Kufuli

Waya wa chuma uliosukwa hukatwa haraka kwa mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Kufuli la umbo la U au mnyororo wa chuma kilichotiwa ugumu hustahimili zaidi. Hupitishwa kwenye fremu pamoja na gurudumu, si kwenye gurudumu pekee, kwa sababu gurudumu hufunguliwa. Mnyororo usilale chini, maana mwizi huweza kuegemeza mkasi ardhini na kuukandamiza kwa uzito wa mwili.

Mashine ya kukatia chuma inayotumia betri inaweza kukata karibu kila kufuli. Kwa hiyo kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Ndiyo maana baiskeli huwekwa mahali ambapo wenye nyumba na majirani wanaweza kusikia, lakini isionekane na kila mpita njia.

Banda na kifuniko

Baiskeli ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8 na usukani wenye upana wa karibu sentimita 60. Banda la urefu wa mita 2 hutosha. Udhaifu wake mara nyingi uko mlangoni: skrubu za bawaba zinazoonekana nje hufunguliwa kwa bisibisi. Bolti zinazopenya ubao na kukazwa kwa nati upande wa ndani ni salama zaidi. Hata ndani ya banda, baiskeli hufungwa kwenye pete.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi ya hewa ya pwani huiharakisha. Turubai huzuia mvua, lakini likibana hadi chini hufungia unyevu ndani; ni lazima hewa ipite. Kivuli nacho ni muhimu, kwani jua kali hupasua mpira wa matairi. Mnyororo wa baiskeli hupakwa mafuta mara kwa mara.

Mifano

Nchini Uholanzi, ambako idadi ya baiskeli inazidi ya watu, nyumba mpya kwa kawaida hujengwa na stoo ya kufungwa. Katika mitaa ya zamani ya Rotterdam, wakazi hulipia nafasi katika mabanda madogo ya chuma yaliyowekwa barabarani. London yapo mabanda ya aina hiyo yanayochukua baiskeli 6 katika nusu ya nafasi ya kuegesha gari moja.

Katika nyumba nyingi za kupanga za Afrika ya Mashariki, baiskeli huingizwa ukumbini usiku, au hufungwa kwenye nguzo ya kibaraza au nondo za dirisha. Nondo hufaa iwapo zimejengewa ndani ya ukuta.

Utambulisho

Fremu nyingi zina namba iliyogongwa, mara nyingi chini ya ekseli ya pedeli. Namba hiyo, picha na risiti ya ununuzi humsaidia mwenye baiskeli kuthibitisha kuwa ni yake endapo itaibiwa na kupatikana.