Kuagiza Mahitaji ya Nyumbani kwa Simu: Tuchague Duka Gani?



Tumeletewa suala na ndugu zetu wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Mmoja wao aliagiza kwa simu, katika duka kubwa la mjini, mchele kilo 25, sukari kilo 5 na dumu la mafuta ya kupikia la lita 10, akatuma fedha yote kwa simu. Mzigo ukapakiwa kwenye bodaboda. Njiani pikipiki ikaanguka, dumu likapasuka, mafuta yakamwagika. Mwenye duka akasema, “Mimi nimeshatoa mzigo, hasara si yangu.” Mnunuzi akasema, “Mimi sijapokea kitu.” Dereva naye akasema, “Mimi ni mbebaji tu.” Wakafika msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kila mmoja akiamini haki iko upande wake, na mnunuzi ana watoto wanaosubiri chakula.

Suala hili lina maswali matatu ndani yake. Je, akidi ya namna hii inasihi? Hasara ni ya nani? Na Muislamu anayeagiza bila kutoka nyumbani achague duka lenye sifa gani? Tutayajibu kwa mpangilio, na tutaanza na historia, kwa kuwa ardhi ya Ngara imewahi kulishuhudia jambo linalofanana na hili.

1. LUKOLE NA VYETI VYA CHAKULA VYA MADINA

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, watu wengi walivuka mpaka kuingia Tanzania. Katika Ngara zikasimama kambi za Lukole A na Lukole B, ambazo kwa miaka kadhaa zilihifadhi Warundi wapatao laki moja, hadi zilipofungwa mwaka 2008. Chakula chao kikuu kilitoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani: mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Sheria haikuwaruhusu kutembea zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Kwa hiyo aliyetamani ndizi, mboga au sabuni alilazimika kutoa sehemu ya mgao wake.

Sisi tuliwahi kukaa siku chache Lukole tukisomesha watoto, tulipokuwa bado vijana. Siku moja tuliletewa ugomvi wa kinamama wawili. Mwenye kadi ya mgao alikuwa ameuza mahindi yake kabla ya siku ya kugawiwa. Aliyenunua akamuuzia mwingine, na huyo wa mwisho akatoa fedha. Siku ya mgao ilipofika, chakula kikawa pungufu, na mwenye kadi akasema hana cha kutoa. Fedha zilikuwa zimepita katika mikono mitatu, na mahindi hayakuwa yamefika katika mkono hata mmoja.

Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kuwa jambo hili lilitokea Madina zama za Marwan bin al-Hakam, alipokuwa gavana chini ya Muawiya (r.a.). Nafaka zilifika kwa jahazi katika bandari ya al-Jar, na watu wakapewa vyeti vya kuchukulia chakula, viitwavyo sukuk. Watu wakaanza kuuziana vyeti hivyo kabla ya kukipokea chakula. Zayd bin Thabit (r.a.), pamoja na sahaba mwingine, akamwendea Marwan kumkemea, naye akatuma askari wakavitwaa vyeti mikononi mwa watu na kuvirejesha kwa wenyewe. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, na Imam Muslim amepokea inayofanana nayo kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.).

Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi kwa wanazuoni wa Shafii ni kujuzu kwa yule aliyetolewa cheti kuuza haki yake. Lililokatazwa ni mnunuzi wa kwanza kumuuzia wa pili kabla hajakipokea chakula. Hekima yake iko wazi: mwenye kuuza kile ambacho hajakitia mkononi anachukua faida bila kubeba dhamana, na Mtume (s.a.w.) amekataza faida ya kitu kisichokuwa katika dhamana ya muuzaji. Kadi ya kambi ina la ziada pia: ilitolewa kwa masharti, na Waislamu hushikamana na masharti waliyoyakubali.

Funzo tunalolichukua ni hili: duka linalouza kwa simu bidhaa ambayo halinayo, likitegemea kwenda kuinunua kwingine baada ya kupokea fedha yako, limesimama pale pale walipokuwa wale wa Lukole.

2. AKIDI YA KUAGIZA KWA SIMU

Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, ni kuwa haisihi kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Wanazuoni wa Hanafi wanaijuzisha, na mnunuzi ana khiyari akishakiona. Wanazuoni wa Maliki na wa Hanbali wanaijuzisha kwa kusifiwa, na kikifika kinyume na sifa, mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Asije mtu akadhani kwamba kwa hiyo wafuasi wa Shafii wamefungiwa mlango. Anayeagiza sukari kilo 5 hakuagiza mfuko ule uliopo rafuni. Ameagiza sukari yenye sifa na uzito maalumu, ikiwa deni katika dhima ya muuzaji. Hii ni katika mlango wa salam, na Shafii wanaijuzisha salam hata ikiwa ya papo hapo bila muda. Masharti yake ni haya: thamani ilipwe katika kikao cha akidi, aina na sifa zijulikane, kiasi kijulikane kwa mizani, kipimo au idadi, muuzaji awe na uwezo wa kukabidhi, na pahala pa kukabidhi pabainishwe iwapo kubeba kuna gharama. Tazama, ewe mwanafunzi, namna wanazuoni waliotangulia walivyotaja sharti la pahala karne nyingi kabla ya bodaboda.

Ama kuhusu simu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha sita, Jeddah, Machi 1990, lilipitisha kujuzu kwa akidi kwa vyombo vya mawasiliano. Likaivua ndoa kwa sababu ya mashahidi, ubadilishanaji wa fedha kwa sababu ya kukabidhiana, na salam kwa sababu ya kutangulizwa thamani. Kikao hicho hicho kikakubali kuwa fedha inapoingia katika akaunti ya mtu benki, hiyo ni kabdhi kihukumu. Tanzania ilianza kutumia M-Pesa mwaka 2008, na leo fedha humfikia muuzaji kabla maongezi hayajakatika. Kwa hiyo tunaona kwamba ile sababu ya kuivua salam haipo pale fedha inapoingia papo hapo. Na anayetaka ihtiyati ana njia nyepesi: alipe mzigo ukifika mlangoni. Hapo agizo la simu linakuwa ahadi tu, na mauziano yanafanyika mlangoni kwa kupeana mkono kwa mkono, jambo ambalo Imam Nawawi amelichagua kuwa linasihi kila pale ada ya watu inapolihesabu kuwa ni mauziano.

Lakini si kila bidhaa inafaa kusifiwa. Mchele, sukari, sabuni na unga wa pakiti vinadhibitika. Samaki, nyanya na matunda hutofautiana sana, na chakula kilichopikwa hakiingii katika salam kwa Shafii kwa kuwa athari ya moto haidhibitiki. Vitu hivi mtu avione kabla hajalipa.

3. HASARA NI YA NANI?

Kanuni ni kwamba bidhaa kabla ya kukabidhiwa iko katika dhamana ya muuzaji. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: huyu bodaboda ni wa nani?

Akiwa ametumwa na duka, mkono wake ni mkono wa duka, na kilichoharibika njiani kimeharibika mikononi mwa muuzaji. Akiwa umemtuma wewe, yeye ni wakili wako, na akishapokea umepokea wewe. Hapo hasara ni yako, na hadai ziada ya ujira wala halipi, ila akifanya uzembe au akavuka mipaka uliyomwekea.

Tuliwauliza ndugu zetu: nani alimwita dereva, na nani alimlipa? Ikabainika duka ndilo lililomwita, na nauli yake ilikuwa imejumlishwa katika hesabu. Tukasema: duka limpe mnunuzi dumu jingine au limrejeshee thamani yake. Kisha tukauliza kuhusu dereva, ikaonekana alikuwa amepakiwa mizigo ya wateja watatu juu ya pikipiki moja, na aliyepakia ni duka lenyewe. Hapo hatukuona njia ya kumbebesha kijana yule deni la mafuta. Mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akakubali mbele ya watu. Allah amjaalie baraka katika biashara yake.

Aidha, aliyetumwa kununua ni amini. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Mtume akamwombea baraka. Faida aliirejesha kwa aliyemtuma. Basi dereva anayenunua kwa shilingi elfu 20 akamwambia mwenye nyumba ni elfu 23 amekula mali ya mtu. Anayetaka ujira autaje waziwazi.

4. SIFA ZA DUKA LA KUCHAGUA

Kwanza, liwe na bidhaa mkononi. Uliza kabla ya kulipa, “Ipo dukani sasa hivi?” Kama haipo, subiri, au mfanye awe wakili wako wa kununua kwa ujira unaojulikana.

Pili, bei na nauli zitajwe mapema. Nauli inayotajwa mlangoni huzaa ugomvi, nayo ni katika gharari.

Tatu, mizani iwe ya haki. Sura al-Mutaffifin inatosha kuwa onyo. Aliye nyumbani haoni mizani, hivyo amana ya muuzaji ni kubwa zaidi. Pima mzigo ukifika.

Nne, lisifiche aibu ya bidhaa. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Nyanya mbovu chini ya mfuko na unga unaokaribia kuisha muda ni lundo lile lile.

Tano, likubali kurudisha. Sahaba aliyekuwa akihadaiwa katika biashara alielekezwa na Mtume (s.a.w.) aweke sharti la kutohadaiwa. Nawe liseme sharti hilo kabla ya kutuma fedha: “Isipolingana, nitarudisha.”

Sita, nyama ijulikane mchinjaji wake. Muuzaji asiye Muislamu tunanunua kwake bidhaa za halali bila tatizo, kwani Mtume (s.a.w.) alinunua chakula kwa Yahudi kwa mkopo na akaweka rehani deraya yake. Nyama ina hukumu yake, na pakiti isiyo na maelezo iachwe.

Saba, lisikufunge kwa deni. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, tangu mwaka 2015 wakimbizi walianza kupewa sehemu ya mgao kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula, wakachagua wenyewe duka la kununua. Hilo ni jambo jema. Lakini watafiti waliofika katika kambi hizo walikuta wengine wamewaachia wenye maduka kadi zao kwa sababu ya madeni. Mtu huyo hachagui tena duka, na bei anapangiwa. Mkopo unaoshurutishwa kuleta manufaa kwa mkopeshaji ni mlango wa riba. Vilevile tujihadhari na salio la kukopeshwa na simu linalotozwa ada kila siku.

NASAHA

Tunawaomba maimamu wazisomeshe hukumu hizi katika darsa, hasa kwa kinamama, ambao ndio wanaoagiza mara nyingi, na kwa vijana wa bodaboda, ambao ndio wanaobeba lawama mara nyingi. Imamu anaweza kuwaita wenye maduka na madereva wa eneo lake wakakubaliana jambo moja, nalo liandikwe: mzigo uko katika dhamana ya duka hadi umefika mlangoni kwa mnunuzi. Sharti moja kama hilo linaondoa magomvi mengi.

Kinamama wale wa Lukole hatukuweza kuwarudishia mahindi. Tuliweza tu kumwambia kila aliyepokea fedha aimrudishie aliyempa, hadi ikafika kwa yule wa mwisho, naye alikuwa mjane. Alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la kanga, akaondoka. Tangu siku ile tunapofika mlango wa kabdhi katika vitabu, hatuusomi haraka.

Tunamuomba Allah aturuzuku chumo la halali, na atujaalie kuwa waaminifu katika kuuza na kununua. Wallahu aalam.