Ni nani analinda kijiji?
Mafundisho tunayoyapata Bule

Katika Ituri kuna swali moja linalorudia kila siku katika mazungumzo ya watu: Anayefaa kutuongoza ili tupate usalama ni mwanajeshi ao raia? Wengine wanasema: Mwanajeshi, kwani adui ana bunduki. Wengine wanajibu: Raia, kwani yeye anajua shida za watu.

Sisi tunaona kwamba swali hilo halitoshi. Wataalamu wanaochunguza namna watu wanavyotawaliwa wanatufundisha kuuliza neno lingine: Amri ikitoka juu, inafika kijijini namna gani? Na habari ikitoka kijijini, inafika juu namna gani? Tutaeleza neno hilo kwa mfano wa Bule.

1. Mambo yaliyotokea

Bule iko katika teritware ya Djugu, katika kolektivite ya Bahema-Badjere, kaskazini-mashariki ya Bunia. Tangu mwisho wa 2017 vita vilirudi Djugu. Watu maelfu na maelfu waliacha mashamba yao, wakakimbilia fasi kama Bule, wakajenga vibanda vya majani na mabashi. Kambi mbili za hapo zinajulikana sana: Plaine Savo na Lala.

Tarehe 6 Mei 2021 serikali ya Kinshasa ilianzisha utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Gavana raia aliondoka, jenerali akashika fasi yake. Baraza la jimbo lilisimamishwa. Kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwanza ilisemwa kwamba mambo hayo yatadumu siku 30. Kisha yaliongezwa siku 15, tena siku 15, mara nyingi sana.

Basi, mkuu alibadilika? Ndiyo. Amri zilitolewa? Ndiyo. Lakini usiku wa tarehe 1 Februari 2022 watu wa kundi la CODECO waliingia Plaine Savo, wakaua watu karibu 60, na watoto kati yao. Mwaka uliofuata, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 2023, wajumbe wa makundi yenye silaha walikutana Aru, wakaweka mikono yao chini ya ahadi ya kuacha vita. Siku 15 hazijaisha, usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni, watu zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala.

Kwa nini basi? Mkuu mpya alikuwako, ahadi ilikuwako, na usalama haukuwako. Tutazame sababu tatu.

2. Sababu tatu

Sababu ya kwanza: amri si kitu pasipo watu wanaoikubali. Mwaka 1919 Mdachi mmoja, Max Weber, alieleza kwamba serikali ni ile ambayo peke yake inahesabiwa kuwa na haki ya kutumia nguvu katika inchi yake. Tuangalie neno lile: kuhesabiwa. Mtu anaweza kuwa na cheo na muhuri, lakini kama watu hawamhesabu kuwa mkuu wao wa haki, amri yake inaishia barabarani. Vile vile mjumbe anayetia saini Aru: kama vijana walio porini hawamtii, saini yake inamfunga yeye peke yake.

Sababu ya pili: usalama hautengenezwi na askari peke yao. Kuanzia mwaka 1970 Elinor Ostrom, mwanamke wa Marekani aliyepata zawadi ya Nobel katika 2009, alichunguza polisi wa mji wa Indianapolis, kisha wa miji mingine. Wakubwa wengi waliamini kwamba polisi wakiunganishwa wote chini ya mkuu mmoja, kazi itakuwa nzuri zaidi. Ostrom na wenzake hawakubishana kwa maneno tu. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu. Wakaona kwamba katika kazi ya kuzunguka mitaani na kuitika haraka, vikosi vidogo vilivyokaa karibu na watu vilishinda vile vikubwa. Sababu yake ni nyepesi: raia ndiye anayeona mgeni usiku, ndiye anayetoa habari, ndiye anayekubali ao kukataa kushuhudia. Askari asiyeaminiwa ni kama mtu asiye na masikio.

Kweli, Bule si Indianapolis. Mwizi wa mji si sawa na kundi lenye bunduki. Lakini neno la masikio ni lile lile. Mama aliyekwenda kutafuta kuni akaona nyayo za watu wengi, atamwambia nani? Akiogopa kwamba askari watamshika yeye mwenyewe, atanyamaza. Na kama baraza la jimbo halikutani, basi njia moja zaidi ya kupandisha neno la wadogo imefungwa.

Sababu ya tatu: ugomvi wenyewe una mizizi kijijini. Séverine Autesserre, mtaalamu Mfaransa, alionyesha katika kitabu chake cha 2010 juu ya Kongo kwamba wapatanishi waliotoka ngambo walitazama hasa wakubwa na uchaguzi, wakaacha kando ugomvi wa mashamba na wa ushefu. Katika Djugu jambo hilo linaonekana wazi. Sheria ya udongo ya 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta, na kwamba hati ikiisha kukaa miaka miwili pasipo kushitakiwa, haishitakiwi tena. Mkulima asiyejua kusoma, aliye mbali na ofisi, anasikia habari ya hati siku ya kufukuzwa. Vita vya 1999 kati ya Wahema na Walendu vilianza Djugu kwa ugomvi wa mashamba makubwa ya namna hiyo. Mwanajeshi anaweza kufunga barabara. Hawezi kuonyesha mpaka wa shamba.

3. Tusikosee

Mtu atasema: Basi askari hawana kazi, wanakijiji wajilinde wenyewe. Sivyo hata kidogo. Ostrom mwenyewe aliona kwamba kazi fulani, kama uchunguzi wa kitaalamu, zinahitaji kikosi kikubwa. Na katika Ituri tumekwisha kuona matunda ya vijana wanaochukua silaha ili kulinda watu wao: leo wanalinda, kesho wanalipiza kisasi, kesho kutwa wanatoza kodi. Kazi ya raia ni kuona, kusema na kushuhudia. Kazi ya bunduki ibaki kwa askari wa Leta, na askari mwenyewe awe chini ya sheria.

4. Maswali ya kumwuliza kila mkuu

Akiwa mwanajeshi ao raia, tumwulize haya: Kijiji cha mwisho kikiona hatari, neno litakufikia kwa njia gani, na kwa saa ngapi? Mtu anayekuletea habari, unamlinda namna gani? Askari akikosa, raia atamshitaki wapi? Na ugomvi wa udongo, ni nani anaukata, kabla haujawa damu?

Sisi tunaosoma ili tukaongoze watu, maswali hayo yanatuhusu vilevile. Kesho tutaitwa kusimamia kamati ya amani ao kusikiliza majirani wawili wanaogombea shamba. Tukikaa kwenye kiti tu na kungoja habari, tutafanana na wakubwa tunaowalaumu. Tuanze sasa kuzoea kusikiliza. Wale waliozikwa Plaine Savo na Lala hawakukosa mkuu. Walikosa ulinzi uliofika kwa wakati.