Je, Wajua? Queen haikuwa imevunjika kabla ya Live Aid

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, inaonyesha bendi ya Queen ikikutana tena kwenye tamasha la Live Aid, Wembley, Julai 13, 1985, baada ya miaka ya kutengana. Kweli ni nyingine: bendi ilitoa albamu ya The Works mwaka 1984, na Januari 1985 ilipiga kwenye tamasha la Rock in Rio mbele ya umati mkubwa. Filamu pia inamfanya mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, ajue ana virusi vya UKIMWI kabla ya Live Aid, ilhali mwenzi wake, Jim Hutton, aliandika kuwa vipimo vilitoka mwaka 1987.

Atasema mtu kwamba sinema si kitabu cha historia, na kwamba saa mbili hazitoshi maisha ya mtu. Ni haki kufupisha. Lakini kuhamisha ugonjwa ili onyesho lionekane kama kuaga ni jambo jingine kabisa, kwani kunamnyang'anya msanii furaha aliyoimba nayo siku ile. Na misukosuko ya kweli ilikuwapo tele. Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa wazazi Waparsi, akasoma shule ya bweni India, kisha familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar. Filamu haina hata onyesho moja la Unguja. Inaanza kumsimulia London mwaka 1970, akipakua mizigo uwanja wa ndege.